Sindano ya Uchachu

Yuehua alilala kifudifudi akijiambia kwamba mgongo ni wake na siri ni yake. Mchana huo Kocha Peng angemtaja msichana mmoja wa kwenda kunyanyua vyuma kwenye mashindano ya taifa, na jina lingekuwa la Yuehua, kiuno kipende kisipende.

Daktari Qiu alizamisha sindano nyingine nyembamba, isiyo na dawa, kando ya uti wa mgongo, akaizungusha taratibu. "Chachu?"

Ndilo swali lake siku zote. Kwa Kichina, msuli unaouma na siki ya mezani, neno ni moja: chachu.

"Wala."

Akaizamisha zaidi. "Na sasa?"

"Hakuna kitu, Daktari. Mimi mzima kabisa."

Uongo mtupu! Uchachu ulikuwa umemshuka hadi kisigino na machozi yanamlengalenga.

Kocha akafunua pazia. "Vipi huyu?"

"Wiki nzima hasikii sindano," Daktari akasema. "Mgongo uliokufa ganzi hivi siuruhusu jukwaani. Tafuta mwingine."

"Basi aende Shufen." Kocha akageuka.

"Imechacha!" Yuehua alipiga kelele, sindano zikitikisika mgongoni. "Kocha, ngoja! Imechacha mpaka kisigino! Tangu Jumatatu!"

Daktari Qiu alicheka hadi miwani ikamteleza. "Nyama imeing'ang'ania sindano hata kuizungusha ni kazi, halafu mtu ananiambia hakuna kitu! We msichana, uchachu ndio habari njema. Maana yake nimefika penyewe."

Aliwasha msokoto wa majani ya pakanga, akausogeza karibu na kiuno bila kukigusa. Joto likazama polepole, na moshi wake mchungu ukajaa chumbani.

"Hapo," Yuehua akasema. "Chini kidogo. Kushoto. Aaa, hapo hapo."

Kocha alikuwa bado amesimama. "Unauma kiasi gani? Na usinichezee."

Neno "kidogo" lilikuwa tayari ulimini. Yuehua akalimeza. "Asubuhi unauma sana. Nikiinuka na chuma, vibaya zaidi."

"Atapona kabla ya mashindano?" Kocha akamuuliza Daktari.

"Akiendelea kusema hivi, na wewe ukimpunguzia vyuma, atapona. Mikono yangu naijua."

"Basi ni yeye."

Yuehua aliuficha uso mikononi. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Unalia?" Daktari akauliza.

"Silii. Ni pua tu," Yuehua akasema. "Imechacha."