Kidonge cha Kumtuliza Refa

Mzee wa chumba namba tano katika kituo cha kulea wazee aliitwa Refa. Alikuwa amechezesha mpira miaka ishirini na sita, na hakuna nahodha aliyewahi kumtisha. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, lakini ulimi ulibaki mkali. Mhudumu wa zamu ya asubuhi akichelewesha chai, Refa alimtoa nje kwa kadi nyekundu isiyokuwepo, na wote wawili wakacheka.

Halafu mambo yakabadilika. Refa akaanza kupiga kelele kila wakati wa kula, akamwaga uji, na siku moja akamkwaruza mhudumu huyo shingoni. Muuguzi mkuu alimpigia simu daktari, na daktari akaagiza kidonge cha kumtuliza, cha aina wanayopewa wagonjwa wa akili. Kimoja hakikutosha. Kikaongezwa cha pili.

Siku ya kumi Refa alikuwa kama gunia. Ukimkalisha, anainama, mate yanamchuruzika hadi kifuani. Alipojaribu kwenda chooni mwenyewe alianguka, akapasuka juu ya jicho.

"Angalau kumetulia," muuguzi mkuu alisema akimfunga bendeji. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na wazee thelathini na wanne na wahudumu watatu, na miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama.

Lakini yule mhudumu wa asubuhi alikuwa ameona kitu. Hata katika ule usingizi mzito, kijiko kikigusa upande wa kulia wa mdomo, Refa alishtuka na mkono ukapanda shavuni. Akamweleza muuguzi mkuu.

"Udaktari umesomea lini, mwenzangu?" muuguzi mkuu aliuliza bila kuinua macho. "Wewe mpe dawa kama ilivyoandikwa. Na usiende kunichongea kwa ndugu zake."

Jumatano daktari alikuja. Binti wa Refa naye alikuwepo, ameitwa kwa sababu ya kule kuanguka, amemshika baba yake mkono asijue amwambie nini. Daktari alisimama mlangoni na faili.

"Naona bado anarusha mikono akilishwa," alisema. "Tupandishe dozi kidogo."

Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Mhudumu alikuwa akikunja shuka. Mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki sita, na wa kuamua kama ataendelea alikuwa muuguzi mkuu, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Samahani, daktari. Kuna mtu amemwangalia mdomoni?"

Muuguzi mkuu alimkata jicho. Kalamu ikasimama.

"Una maana gani?"

"Hapigi kelele ovyo. Anapiga kelele kijiko kikigusa kulia. Kushoto anakula vizuri tu."

"Daktari, tuna wengine kumi na mmoja wanasubiri," muuguzi mkuu aliingilia.

Binti akasimama. "Baba yangu alitemewa mate uwanjani na hakumgusa mtu. Naomba mumfungue mdomo. Sasa hivi, nikiwa hapa."

Daktari alitazama saa, akatoa tochi. Walimshika watu wawili. Refa alinguruma, machozi yakamtoka. Nyuma kabisa kulikuwa na gego lililooza, na ufizi umevimba, umejaa usaha.

Daktari alizima tochi. "Nilimtibu kwa simu," alisema hatimaye, na hakumtazama mtu.

Jino liling'olewa kesho yake. Binti alitaka vidonge vitupwe siku hiyohiyo, daktari akamkatalia: vikikatwa ghafla vingeweza kumdhuru, vipunguzwe polepole. Ilichukua wiki tano. Refa alifumbua macho, akala, akagomba kuhusu chumvi. Ila miguu haikurudi, na jina la bintiye hakulipata tena. Alimwita "dada yangu", naye binti akaitika.

Muda wote huo muuguzi mkuu alizungumza na mhudumu mambo ya kazi tu. Kwa hiyo siku alipoitwa ofisini, mhudumu alikwenda akijua ni mkataba, na njiani alishapanga jinsi ya kuaga bila kulia.

Mezani kulikuwa na mafaili saba.

"Funga mlango, ukae," muuguzi mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hawa wote wanakunywa kile kidonge. Mimi ndiye niliyemwomba daktari." Akafungua faili la juu. "Bibi wa chumba cha pili. Wewe ndiye unayemwogesha. Niambie, huwa anaanza kulia ukimshika wapi?"