Papai la Sadaka

Noela aliketi kwenye zege, hatua chache kutoka lango la kivuko cha Kamanga, akaikumbatia nguzo.

"Sipandi," akasema.

Mimi si mtu wa subira. Waulizeni watoto wangu wa Shule ya Jumapili pale Mkuyuni. Magari yalikuwa yameshaingia. Ng'ambo, hospitalini, wifi yangu Kemilembe alikuwa anangoja kupasuliwa saa nane, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: amwone binti yake kabla. Tukikosa kivuko hiki, hatumkuti.

"Inuka, mama anakungoja."

"Shangazi, nikipanda kitazama."

Upepo ulikuwa umeanza kulichafua ziwa, lakini abiria wengine walikuwa wanapiga soga zao. Nilimvuta mkono. Alipiga yowe watu wakageuka, ndipo nikaona kwamba hadeki. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Nani kakwambia kitazama?"

"Wewe."

Nikamwachia mkono. Jumapili iliyopita watoto walileta mazao ya sadaka, yanadiwe baada ya ibada. Papai la Mzee Mashimba, kubwa kuliko yote, likakutwa nyuma ya kanisa limeliwa nusu. Nilipandwa na hasira, sikuuliza. Nilimwita Luhende, kwa kuwa anajulikana kwa ulafi, nikamchapa fimbo mbili mbele ya wenzake na kumwambia asirudi mpaka atubu. Kisha nikawasimulia habari ya nabii aliyemkimbia Mungu kwa merikebu, jinsi dhambi ya mtu mmoja ilivyotaka kuwazamisha wote. Nilisimulia vizuri mno.

"Papai nilikula mimi," Noela akanong'ona.

Honi ikalia. Mlinzi wa lango akatuita, "Mama, mnapanda au mnabaki?"

Nilichuchumaa.

"Mungu amenikasirikia?" Noela akauliza.

"Ndiyo," nikasema, maana sikutaka kumdanganya. "Umekula cha sadaka, na mwenzako kapigwa huku umenyamaza. Hilo analichukia. Lakini leo ni Jumamosi. Siku sita amekuamsha, amekulisha, hajakufanya kitu. Unadhani kwa nini?"

"Amesahau?"

"Hasahau. Alikuwa anakusubiri useme. Na sasa umesema."

Vidole vyake vikaanza kulegea. Kisha akanitazama.

"Na wewe, Shangazi? Luhende umemchapa bure. Wewe umeshasema?"

Nilijua tangu Jumatatu. Paskazia, mama yake Luhende, alikuja kunieleza kwamba asubuhi yote ya Jumapili mwanawe alikuwa naye kanisani, wanapanga viti. Nikaona aibu, nikanyamaza. Mtu mzima haombi radhi kwa mtoto, ndivyo nilivyolelewa.

"Tutaongea ng'ambo," nikasema.

Akakaza mikono tena. "Basi kitazama kwa ajili yako."

Mlinzi alikuwa ameshika mnyororo wa lango. Nikatoa simu, nikampigia Paskazia, nikamwomba anipe Luhende, upesi.

"Shikamoo, mwalimu." Sauti ilikuwa ya mtoto anayengoja fimbo nyingine.

"Marahaba. Luhende, papai hukula wewe. Nilikuchapa bure mbele ya wenzako. Nisamehe, mwanangu."

Mnyororo ukaanza kuvutwa. Noela hakunibandua macho, na nakiri kwamba nilimwogopa yule mtoto wa kwenye simu kuliko nilivyowahi kumwogopa mchungaji. Alikuwa na haki ya kukata.

"Sawa, mwalimu," akasema mwishowe. "Kwa hiyo kesho nije?"

"Uje. Nitakuwa mlangoni nakungoja."

Noela akaachia nguzo. Tulikimbia, mlinzi akatuinulia mnyororo huku anatusonya, tukapita chini yake na kanga ikanidondoka sikuiokota.

Wimbi la kwanza lilipotupiga, Noela hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.