Mtaa Nyuma ya Jiko la Albertine

Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi, saa tisa alasiri, Albertine alitoka nyuma ya jiko lake hapo Kasongo na beseni la maji aliyooshea sombe, yaani majani ya muhogo. Siku zote aliyamwaga kwenye mtaro uliopakana na shamba lake dogo la karanga. Siku hiyo mtaro ulikuwapo, lakini ng'ambo yake, mahali pa karanga, palikuwa na mtaa wa Amerika. Lami yake ilikuwa nyeusi, haina shimo hata moja. Huku na huku zilisimama nyumba kubwa zenye madirisha mengi, majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za askari, na masanduku ya barua juu ya vijiti. Hapakuwa na mtu. Kule ilikuwa asubuhi bado, na jua lilitokea upande mwingine.

Albertine alimwaga maji, akaenda kumwita Faradji, jirani yake mwenye duka. Faradji alikuja na tasbihi mkononi, akatazama kwa muda.

"Iko Amerika," alisema. "Lakini si ile ya televizyo. Ile iko na magorofa na watu wengi."

"Na karanga yangu?"

"Uende kwa shefu, Mama Yvette. Aandike."

Shefu wa kartie, mkuu wa kitongoji chao, alikuja kesho yake na daftari. Alinakili jina lililokuwa kwenye kibao mwanzoni mwa mtaa, Wexley Glen, herufi kwa herufi. Baadaye ilijulikana kwamba ni mji mdogo wa matajiri, ambao hata Waamerika wengi hawajausikia, na kwamba wakazi wake wanapenda iwe hivyo. Mtaa ulienda mita mia tatu, kisha ukaishia kwenye ukungu. Wanawake wa jirani walianza kuanika mpunga juu yake, kwa sababu lami hukausha vizuri. Siku ya nne ikaja barua ya chama cha wakazi. Mwalimu mmoja wa sekondari aliisoma: waliomba kwa heshima mpunga uondolewe, na jogoo wa Albertine asiwike kabla ya saa moja. Mpunga uliondolewa. Jogoo aliendelea.

Siku ya tano Albertine alimwona binti yake.

Yvette alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa muuguzi Salamabila, kwenye zahanati ya wachimba dhahabu, mpaka mwaka ambao watu wenye silaha waliingia humo na kuua wagonjwa wawili vitandani. Alikimbia na nguo aliyovaa, akapitia nchi tatu, akafika Amerika. Kwa miaka minane mama yake alikuwa akimsikia kwenye simu tu, Jumapili, mtandao ukipenda. Alijua kwamba anamtunza bibi kizee mmoja kwenye nyumba ya vyumba kumi na vinne. Sasa alimwona kwenye dirisha la nyumba ya tatu, mkono wa kushoto, akimlisha mwanamke mweupe kwa kijiko.

Albertine aliruka mtaro. Alikuwa ametembea hatua ishirini wakati gari jeupe la walinzi liliposimama kando yake. Mlinzi alimsalimia, akamwomba kitambulisho cha mkazi, akamrudisha hadi kwenye mtaro akimshika kiwiko ili asijikwae. Yvette alikuwa ametoka mbio na eproni yake. Alisimama pale lami inapoishia.

"Mama."

"Vuka basi, mutoto wangu. Chakula iko tayari."

"Siwezi, mama. Dosie yangu ya kuomba ukimbizi haijaisha. Nikikanyaga inchi yetu, hata dakika moja, watasema siogopi tena kurudi. Dosie itakufa."

"Miaka munane na haijaisha?"

"Haijaisha."

Albertine alileta kigoda, akakaa upande wake. Yvette alikaa kwenye ukingo wa lami. Kati yao ulikuwapo mtaro, upana wa kanga iliyokunjwa. Yvette alimwandikia wakili wake kuuliza kama mikono inahesabiwa. Wakili alijibu kwamba sheria haikutaja mikono, lakini angemshauri asivuke kiwiko. Kwa hiyo walishikana hadi kiwiko, kila siku, nusu saa, wakati bibi kizee amelala.

Ikawa hivyo miezi mitatu. Mwaka mpya ulipoingia, mwezi wa kwanza, theluji ilianguka Wexley Glen na kukoma kwenye mtaro. Faradji alichota ndoo mbili, akapozesha soda za duka lake.

Mwezi wa pili Albertine alishikwa na malaria. Siku mbili hakutoka. Yvette alisimama mwisho wa lami akiita, na kupitia mlango wa nyuma aliweza kuona miguu ya mama yake juu ya mkeka, nayo ilikuwa ikitetemeka. Mara nne aliinua mguu mmoja. Mara nne aliurudisha kwenye lami. Bibi kizee, ambaye jina lake lilikuwa Dorothy, alitoka na fimbo yake kuona nani anaita hivyo. Yvette alimweleza. Dorothy alirudi ndani, akatoka na dawa ya homa na supu ya kopo, akavuka mtaro. Hakuna aliyemwuliza kitambulisho. Shefu wa kartie, aliyekuwa akipita, alimpa mkono.

Albertine alipona siku ya tano. Dorothy hakurudi tena upande wake wa mtaro. Alikuwa amekaa miaka mingi katika vyumba kumi na vinne, na mtoto wake wa kiume, aliyeishi katika mji mwingine wa namna hiyo, wenye nyumba kubwa zaidi, alipiga simu mara moja kwa mwezi. Kwa Albertine kulikuwa na vyumba viwili, na watu waliingia bila kupiga simu. Kartie nzima ilimwita Koko Doroti, yaani Bibi Doroti. Alijifunza kumenya karanga, kula bukari, ugali wa huko, kwa mkono, na kusema "Mungu akusaidie" kwa kila aliyepita, hata mbuzi. Jioni Albertine alimchemshia maji, akamsugua mgongo, akampaka mafuta ya mawese kwenye magoti.

Yvette alibaki kwenye ile nyumba, kwa sababu mkataba wake ulisema asiondoke humo. Alifagia vyumba ambavyo hakuna aliyevichafua. Mtoto wa Dorothy alipopiga simu, alimjibu kwamba mama anaendelea vizuri na anakula sana. Ilikuwa kweli.

Siku moja Albertine alikuja kwenye mtaro, mikono yake bado ina mafuta.

"Leo amekula nini?" Yvette aliuliza.

"Sombe na samaki. Nilimufulia na nguo."

"Ile sombe unatia karanga?"

"Natia."

Yvette alikaa kwenye ukingo wa lami. Nyuma yake maji ya kumwagilia majani yalijifungua yenyewe, yakazunguka, yakajifunga.

"Mimi ndiye nalipwa kwa kumusugua mugongo, mama. Wewe unamusugua. Na mimi mugongo yangu nani anaisugua?"

"Iko muzee, Yvette. Hana mutu."

"Na mimi niko na mutu?"

Albertine alinyoosha mikono hadi kiwiko, na binti yake akaishika.

Dorothy alifariki mwezi wa tano, Alhamisi asubuhi, katika kitanda cha Albertine, baada ya kuomba chai. Majirani walifunga turubai, wakaweka matanga. Wanawake wa Kikristo waliimba, na Rehema, mke wa Faradji, alileta sufuria kubwa ya wali. Yvette aliimba pia, peke yake, akiwa amesimama kwenye lami na nguo nyeusi. Sauti yake ilifika imechelewa kidogo, kwa hiyo kila ubeti uliisha mara mbili.

Mtoto wa Dorothy alifika siku ya pili na watu wanne waliovaa suti. Alivuka mtaro na viatu vyake vinavyong'aa, bila viza, akakaribishwa kiti. Alikuwa mtu mpole. Alimshukuru Albertine kwa mikono yote miwili na kusema kwamba hakuwahi kumwona mama yake mnene namna hiyo. Albertine alimwambia kupitia mwalimu wa sekondari: "Umuache Yvette aingie huku, hata leo tu, amuzike na sisi." Yule mtu alisikitika kweli. Alisema hilo haliko mikononi mwake. Walimbeba mama yake, wakavuka.

Nyumba iliuzwa. Walioinunua waliweka mapazia na kuja wiki mbili kwa mwaka. Shirika lililomwajiri Yvette lilimpata mzee mwingine, katika mji mwingine mdogo wa matajiri, mwendo wa saa nne kwa ndege. Aliagana na mama yake mchana, huku upande wa Yvette kukiwa asubuhi, na gari likamchukua mpaka kwenye ukungu.

Mtaa ulibaki. Albertine aliuzoea, akapanda karanga upande mwingine wa nyumba.

Mwezi wa kumi na moja Yvette alipiga simu siku isiyo Jumapili.

"Mama, kule mwisho wa bustani ya muzee wangu mupya kumetokea barabara ya matope. Wamotari wanapita na pikipiki zao. Kuna kibao: Kabambare."

Albertine alivaa viatu, akaenda kwa Blaise, dereva wa pikipiki, aliyekuwa akiziba tairi, kumwomba ampeleke Kabambare, mji mmoja wa jimbo lao.

"Kabambare? Haifikiki sasa, mama. Daraja ilianguka, na matope inafika kwa kiuno. Ngoja mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita."

"Kama mvua itaacha."

Albertine alimwambia amwandike abiria wa kwanza. Kisha alisimama pembeni ya njia na simu sikioni, kwa sababu Yvette hakuwa amekata.

"Unaona nini sasa?" aliuliza.

"Mwanamuke mumoja. Anafunga mbuzi yake kwa sanduku ya barua."

"Ni nani?"

"Simujui."

"Musalimie," Albertine alisema.