Glavu ya Manjano ya Merrin

Merrin Tolley alimwonea Priyan gere tangu wiki ile ya kwanza, wala hakuficha. Afiche kwa nini? Yeye kapiga mbizi miaka nenda miaka rudi kwenye matumbawe ya Townsville, kachomwa na kila chenye miiba, ili akili mnemba ya maabara yao ijifunze kutazama picha na kusema kwa maneno kiti cha pweza kiko wapi, kile kiumbe cha miiba kinachotafuna matumbawe hadi yawe meupe. Priyan kaja juzi tu, kakaa na kahawa yake, kaiagiza kompyuta ibuni picha za bahari kwa maelfu, na maelezo yake juu. Hata kuogelea hajui! Na Gaye, mkuu wao, akipita lazima amsifie.

Sasa Gaye alikuwa ameamua kwamba siku ya Ijumaa zitapimwa mashine mbili, moja iliyofundishwa kwa picha za Merrin peke yake, nyingine iliyoongezewa za kubuni. Ikishinda ya Priyan, safari za mashua zitapunguzwa na Merrin atarudi dawatini. Roho ilimuuma hadi chakula kikamshinda.

Akazichambua picha za mwenzake akitafuta aibu. Akaipata moja yenye kiti cha pweza juu ya chupa ya bia, akaionyesha jikoni mbele ya watu, akauliza bahari hiyo iko nchi gani. Priyan akajibu taratibu kwamba anakiweka popote kusudi, mashine isizoee mahali pamoja. Merrin akafyonya.

Picha za kupimia Merrin alizitafuta mwenyewe kwa watalii, kwa ujeuri kabisa. Ijumaa ikafika. Picha ya kwanza ilikuwa na kiti cha pweza kikubwa katikati. Mashine yake ikasema hakuna kitu. Ya pili, vilevile. Ya tatu ilikuwa ya mtalii anayepunga mkono, amevaa glavu ya manjano. Mashine ikajibu kwamba kiti cha pweza kiko kulia.

Watu wakaangua kicheko. Ya Priyan ilizipata zote tatu. Gaye akafungua picha za Merrin, na katika kila moja kulikuwa na mkono wake wenye glavu ya manjano, ukikielekezea kidole kiti cha pweza, ndivyo wapiga mbizi wanavyoonyeshana. Mashine ilijifunza glavu.

Walipobaki wawili, Merrin akamuuliza kama alijua.

"Nilijua mwezi uliopita," Priyan akasema. "Ndiyo maana za kwangu hazina mkono."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na wivu, dada. Wewe unakwenda kule. Mimi naogopa maji, naishia kutazama picha zako. Nikataka walau humu ndani nikupite."

Alistahili matusi, na Merrin alikuwa nayo tayari. Safari zake zilikuwa zimekwisha kukatwa. Lakini akajikuta amevuta kiti, na kwa raha ambayo aliionea haya, akamwomba arudie hayo maneno ya wivu.