Mkwe Aliyefunga Mdomo

Jambo la kwanza Sugna aliloliona ni kopo la maji la baba mkwe wake. Alilijaza asubuhi, na jioni lilikuwa limejaa vilevile, inzi mmoja akielea juu.

Mzee Khetaram alikuwa kitandani tangu kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia. Mumewe Sugna alikuwa mbali, katika mji wa Surat, akifanya kazi kwenye kiwanda cha vitambaa. Mama mkwe, Jamna, magoti hayakumruhusu kuchuchumaa. Basi ni Sugna aliyemgeuza mzee, akamwosha, akambadilisha nguo, mtandio umemfunika uso hadi kidevuni na mgongo ukimwaka moto. Miaka minane katika nyumba ile, mzee hakuwahi kuuona uso wake. Kwa mila yao, mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Neno hupitia kwa mama mkwe.

"Mama, mwambie baba uji una mtindi, kama anavyopenda," alinong'ona, kijiko mkononi.

"Kwani yeye kiziwi? Kilichokufa ni mkono," Jamna alijibu kutoka mlangoni. "Haya mzee, fungua! Hata ngamia mgonjwa hula. Wewe na ukaidi wako, ngamia ana nafuu."

Mzee aliuma meno.

Siku ya tatu ya kukataa kula na kunywa, nesi alikuja, akamfinya ngozi ya mkono. Ikabaki imesimama.

"Amebakiza siku mbili," alisema. "Asipokunywa, mwiteni mwanawe."

Sugna akampigia mumewe.

"Mlazimishe."

"Atapaliwa."

"Sasa mimi niliye huku nifanye nini?"

Hilo ndilo swali alilotaka kumuuliza yeye.

Jamna akajikongoja kwenda hekaluni kuomba. Sugna akarudi kumgeuza mzee. Kitambaa cha chini yake kilikuwa kikavu, siku ya pili sasa. Siku zote akioshwa, mzee aliuelekeza uso ukutani, machozi yakimwingia sikioni. Leo alimtazama sawasawa, kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo Sugna alipoelewa. Mzee alijinyima chakula na maji ili asioshwe uchafu wake na mke wa mwanawe.

Hapakuwa na wa kupitishia neno.

"Baba."

Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. Mzee akafumba macho.

"Nimejua, baba. Usinionee haya. Mimi haya zimeshaniisha. Kunywa."

Kijiko kiligonga meno. Uji ukateremka ndevuni. Akaupangusa, akajaribu tena, akajaribu tena. Akambembeleza kama anavyombembeleza ndama asiyetaka kunyonya. Meno hayakuachana.

Akaweka bakuli chini. Mzee alikuwa anapumua polepole, kifua kikipanda kwa shida.

"Jana nilipokuta kitambaa kikavu nilifurahi, baba," Sugna alisema. "Mgongo wangu ulipumzika. Nikasema moyoni, na aendelee hivyo hivyo kutokula."

Mzee akafumbua macho, na meno yakaachana.