Mawaridi ya Vidole Viwili

Duka langu liko Igogo, fremu ya tatu ukitoka barabara kubwa, na kibao chake bado kinasema MAMA PRECIOUS MAUA. Miaka minne sasa watu wananishauri nikibadilishe. Sijakataa. Ila kila nikitaka kumwita mchoraji naona uvivu, basi kibao kinabaki. Precious alikuwa mwanangu wa pekee. Alifariki akiwa na miaka ishirini na saba, kwa homa ya siku tano, akaniachia mjukuu wa miaka miwili, Amondi. Nalisema hivi hivi, kavu, kwa sababu ndivyo lilivyo ndani yangu. Sikulia siku ya mazishi na sijalia tangu hapo. Wanaodhani ni ujasiri wamekosea. Ni kwamba hakuna kinachokuja.

Mwezi wa sita mkwe wangu Jairo alikuja na mzee mmoja na shangazi yake, Agutu, kunijulisha kwamba anataka kuoa tena. Jairo ni Mjaluo wa Shirati, fundi wa injini za boti, kijana mwenye adabu zake. Tangu amuoe Precious hajawahi kukaa kiti kinachotazamana na changu, na siku hiyo alisimama nje ya mlango huku wakubwa wakimsemea. Nikasema, "Sina neno." Wakasema baada ya harusi Amondi atahamia kwa baba yake Ilemela. Nikasema sina neno. Agutu akaongeza kwamba mtoto hutulia akikaa mahali pamoja, haifai kumrusha huku na huku, kwa hiyo asije kwangu kwanza. Labda Krismasi, tutaona.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa na neno. Nililitafuta nikalikosa. Wakamaliza soda zao wakaondoka, na mimi nikaenda kumwogesha Amondi.

Wiki mbili kabla ya harusi aliingia dukani dada mmoja mrefu, amevaa sketi ya kialimu, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naitwa Odeta. Mimi ndiye…"

"Najua wewe ndiye nani. Kaa."

Akakaa. Akaeleza kwamba kamati ya harusi ilishachagua duka la mjini, lenye viyoyozi, yeye akakataa. Kamwambia Jairo kama ni maua, yatoke kwa mama. Kisha akasema, "Ila kama hutaki, mama, nitaelewa. Naomba uniambie tu usoni."

Nilijipapasa ndani kuona kama nimekasirika. Sikuona kitu. "Kazi ni kazi," nikamwambia. "Unataka rangi gani?"

"Zisizopiga kelele. Nyekundu hapana. Nyeupe pee nayo hapana. Sitaki nionekane nimekuja kufuta mtu."

Nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha nikamletea ndoo tatu kutoka nyuma.

Mawaridi yangu yanatoka Arusha. Kijana anayeniuzia, Alexander, huyataja kwa majina ya kizungu, Vendela, Sahara na mengine yanayonitoa jasho, lakini mimi nina majina yangu. Kuna Siagi, kuna Uji wa Ulezi, na kuna Mchanga. Watu hudhani rangi zilizopoa ni za kuchukua tu, kwamba kwa kuwa hazina makuu basi zitakubaliana. Uongo huo. Nyekundu ukiikosea bado ni nyekundu. Hizi zilizopoa kila moja imeficha kitu, na usipokijua mapema kitakuaibisha ukumbini mbele ya wageni mia tatu.

Nikatandika karatasi nyeupe mezani na kuweka ua moja la kila aina. "Angalia sasa."

Akainama. "Hili lina njano kwa ndani," akasema kwa Siagi. "Hili kama lina kahawia. Na hili…" Akasita kwenye Mchanga. "Hili lina pinki. Kidogo sana."

Macho anayo. Wanakamati wengi niliowahi kuwaonyesha wangeapa yote matatu ni meupe yaliyochakaa. Nikamwambia asichanganye Uji na Siagi, Uji utaonekana mchafu. Nikamwuliza taa za ukumbi ni za rangi gani, akasema zambarau, nikamwambia wazizime, kwa sababu zambarau itageuza Mchanga kuwa majivu. Akanyoosha kidole kugusa petali, nikamwahi.

"Usiguse huko. Rangi hizi hazisitiri alama ya kidole. Bonyeza hapa chini, shingoni. Likiwa gumu, bichi. Likibonyea, limekwisha safari."

Akabonyeza shingo za maua moja moja, taratibu, midomo ameibana. Akachagua Mchanga sitini kwa ajili ya maua yake ya mkononi na ya wasindikizaji wake, na Siagi kwa meza. Alipokuwa anafunga mkoba akauliza, bila kuzunguka, "Precious alikuwa anapenda lipi?"

Miaka minne hakuna aliyeniuliza swali lolote juu ya Precious. Watu huniuliza naendeleaje.

"La njano," nikasema. "Ile njano ya kuumiza macho. Hakuwa na jicho la maua kabisa, Mungu amrehemu."

Odeta akacheka, akaziba mdomo, akaomba radhi. Nikamwambia asiombe. Alipotoka nikakuta nimesimama muda mrefu nikiwa na ua mkononi, na maji yake yanachuruzika kwenye kiatu.

Mzigo ulifika Alhamisi, Mchanga sitini barabara na kumi na moja ya ziada. Hayo ya ziada yalikuwa na shingo zilizopinda, nikayatupia kwenye ndoo ya pembeni. Yale sitini nikayanywesha maji mpaka kesho yake. Ijumaa mchana nikamaliza kwanza shada la msiba wa mzee mmoja wa jirani, la tatu kwa wiki ile, ndugu zake wakaja wakalichukua. Nikayavuta mawaridi ya Odeta mezani, nikachukua mkasi.

Katika kazi hii urefu wa shina ndio kila kitu. Maua ya mkono wa bibi harusi hukatwa kwa urefu wa shibiri moja na nusu, yapate kushikika. Ya shada la kaburini hukatwa vidole viwili, yapate kuchomekwa kwenye duara la majani makavu ya mgomba. Mtoto wa darasa la kwanza ukimwonyesha mara moja hakosei. Amondi yuko darasa la kwanza na hakosei.

Nilikata nikiwaza soksi za Amondi. Zilikuwa jozi nne, moja imetoboka kisigino, na nilikuwa naamua kama nimpakie na ile iliyotoboka au niibakize. Niliwaza soksi hizo muda mrefu sana. Nilipoinua macho, Mchanga sitini yalikuwa yamepangwa mezani safu kwa safu, mashina vidole viwili. Pembeni yao kulikuwa na duara la mgomba, limeshasukwa, limeshafungwa kamba. Sikumbuki kulisuka.

Nikaketi.

Nataka niseme ukweli: niliogopa. Lilikuwa jambo la kwanza kulisikia mwilini kwa muda mrefu. Shina halirudi. Alexander nilimpigia, akasema mzigo mwingine ni mpaka Jumapili. Nikaanza kumsikia Agutu mapema, na jinsi atakavyolieleza kwa kila jamaa kuanzia Ilemela hadi Shirati: mama wa marehemu kampa bibi harusi maua ya kaburi. Nani angeamini kwamba ni mikono tu? Hata mimi ningesikia habari hiyo ya mtu mwingine nisingeamini. Na ile "Krismasi, tutaona" ingekwisha hapo hapo. Mtu aliyewaletea nuksi kanisani nani atampa mtoto?

Odeta aliponipigia hodi, nilikuwa nimeifunika meza nzima kwa khanga.

"Mzigo umefika umepondeka," nikasema kabla hata hajanisalimia.

Akaiangalia khanga. Akaifunua upande mmoja, akainua ua moja, akalibonyeza shingoni kama nilivyomfundisha mwenyewe. Gumu.

"Haya hayajapondeka, mama. Yamekatwa."

Nilikuwa na uongo mwingine tayari. Sijui kwa nini sikuutumia. "Nimeyakata mimi," nikasema. "Sikukusudia, Odeta. Wallahi sikukusudia. Nilikuwa nawaza soksi. Mikono ilijifanyia yenyewe inachokijua."

Akalichukua lile duara la mgomba akaligeuzageuza. Nikangoja aite mtu, au alie, kesho yake ni harusi yake na ana haki.

"Shada la Precious ulilitengeneza wewe?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilishika mkasi nikashindwa. Nikatuma mtu akanunua." Kisha nikaona heri niseme lote. "Lilikuwa la plastiki. Mimi nimepamba nusu ya makaburi ya Nyamagana, na mwanangu nimemzika na plastiki."

Nje mwuza maji alipita anapiga kengele. Odeta akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza, akanisogezea duara.

"Basi limalize."

"La nani?"

"Lake. Jumapili tunakwenda Shirati, naingizwa nyumbani. Kaburi liko pale pale uani, wamenionyesha kwenye picha. Nimekuwa nikijiuliza wiki nzima nitapitaje mbele yake mikono mitupu." Akaanza kunipa maua, moja moja, akiyashika kwenye shina wala hagusi petali. "Nilikuwa naona haya kukuomba, mama."

"Na wewe kesho utashika nini?"

Akachungulia ndoo ya pembeni. "Hayo ya shingo zilizopinda ni mangapi?"

"Kumi na moja."

"Yanatosha. Na mimi shingo yangu si ndefu sana ya kujivunia." Ilikuwa ndefu kuliko yangu mara mbili. Sikucheka, lakini kicheko nilikisikia kwa ndani.

Tukalimaliza kabla ya saa kumi. Halikuwa na njano hata petali moja, na nikamwambia Odeta kwamba Precious angelinung'unikia. Akasema atamfikishia salamu. Nikalilaza juu ya gunia bichi kwenye sakafu, mahali penye baridi.

Kanisani sikwenda, haipendezi mama wa mke wa kwanza kukaa hapo akihesabu vigelegele vya wa pili. Amondi alikwenda, akarudi na icing ya keki kwenye nywele. Akaniambia taa za zambarau hazikuwashwa. Akaniambia pia kwamba shangazi Agutu aliyaita maua ya bibi harusi machache na yamefubaa, na Odeta akajibu kwamba mengine yametangulia. Hakuna aliyeelewa, wakaendelea kucheza.

Jumapili asubuhi gari lilikuja nyumbani kwangu Mkolani, nilikokuwa nimeshalileta shada kutoka dukani. Agutu alikuwa mbele. Jairo akashuka, akanisalimia kwa mbali, macho chini, akasimama upande wa pili wa gari. Begi la Amondi nilishaliweka mlangoni: magauni, sare mbili, jozi nne za soksi, na ile iliyotoboka nimeishona. Nililipakia lote, kwa kuwa mtu akiondoka ni vizuri aondoke na vitu vyake.

Odeta akaingia ndani, akatoka na shada, akamwekea Amondi mapajani kwenye kiti cha nyuma.

"Hilo la nini tena?" Agutu akauliza.

"La mama yake Amondi. Bibi amelitengeneza."

Agutu akageuka kulitazama. Akalitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. Alikuwa na neno mdomoni, nililiona likipita, akalimeza. "Mama Precious," akasema, "poleni." Nikaitikia tumeshapoa. Hilo ndilo linaloitikiwa.

Kisha Odeta akaja pale mlangoni nilipokuwa nimesimama, akachuchumaa, akafungua begi. Akatoa magauni mawili. Akatoa sare moja. Akatoa jozi mbili za soksi. Akavikunja upya juu ya goti lake, kimwalimu, akanipa.

"Hizi zibaki kwako," akasema, kwa sauti ya kutosha kufika kwenye kiti cha mbele. "Ijumaa nikimtoa shule namleta hapa. Sasa atavaa nini kama nguo zote ziko Ilemela?"

Agutu akatazama mbele. Jairo, upande ule wa gari, akajipangusa uso kwa kiganja. Amondi akanipungia mkono mmoja, wa pili ameshikilia shada.

Gari likakunja kona. Nikabaki na nguo mikononi. Ile soksi niliyoishona ilikuwa juu kabisa, na kisigino chake kilikuwa na uzi wa njano, kwa sababu ndio uzi niliokuwa nao. Nikakaa kizingitini. Kitu kikaanza kupanda, na sikukizuia kwa kuwa sikukijua. Nikalia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, khanga imenidondoka, mpaka jirani yangu Gladness akaja mbio na mikono yenye povu la sabuni.

"Kuna nini? Mama, kuna msiba?"

"Precious," nikamwambia. "Precious amefariki."