Mashine Nane Nyeusi

Siku Profesa alipoingia dukani kuulizia mashine mpya za gemu, fundi alikuwa ameinama mezani akisafisha feni ya mashine kuukuu kwa brashi ya rangi. Aliitambua sauti kabla hajainua uso. Miaka saba ilikuwa imepita bila kuisikia, lakini ziko sauti ambazo mtu hazisahau, kama asivyosahau jino lililowahi kumnyima usingizi.

"Binti, mwenye kujua mambo ya hizi mashine yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

Profesa alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, kana kwamba mwenye kujua alikuwa amejificha kwenye rafu za nyaya. Hakuwa profesa wa chochote. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hapakuwa na jambo asilokuwa na maoni nalo, kuanzia kuezeka paa hadi maradhi ya figo, na hakuna aliyewahi kumpa ushauri akaupokea, sembuse mwanamke. Alikuwa na ukumbi mkubwa wa gemu: televisheni nane ukutani, viti vya plastiki, na kiti kimoja cha ngozi karibu na mlango, cha kwake peke yake.

Hakumtambua. Fundi alisubiri kidogo aone kama macho yale yatashtuka. Hayakushtuka.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, fundi alikuwa msichana pekee aliyeingia mashindano ya mwaka katika ukumbi ule. Mshindi angekwenda kucheza na mabingwa wa kumbi nyingine za mji. Aliwafunga vijana kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kwenye fainali akakutana na mpwa wa Profesa. Hadi mapumziko alikuwa anaongoza mabao matatu kwa moja. Ndipo Profesa alipoinuka, akamchukulia pedi ya kuchezea mkononi, akasema imelowa jasho, aifute. Aliyorudishiwa haikuwa ile. Kijiti chake cha kushoto kilikuwa kimelegea. Wachezaji wake wakawa wanakimbilia kona wenyewe, kama mbuzi waliokatikiwa kamba.

Alisema. Alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba pedi imebadilishwa. Profesa akajibu kwa utulivu, "Asiyejua kucheza husema uwanja una mashimo," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akafungwa manne kwa matatu. Kinyozi mmoja, mshabiki wa yule mpwa, ndiye aliyempachika jina la Pedi Mbovu, nalo likamganda kama kupe. Jina hilo, kwa msichana, lina maana nyingine pia, na mtaa haukuwa mvivu wa kuitafuta. Mama yake akienda sokoni aliitwa mama Pedi Mbovu na watu ambao hata hawakujua gemu ni nini. Mwisho walihama, wakaenda kuishi ng'ambo ya mji.

Kitu cha kwanza fundi alichokifungua maishani mwake kwa bisibisi kilikuwa pedi. Alitaka kuona kwa macho yake kijiti kinalegeaje. Alipoona, akataka kuona na kingine. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye ufundi. Chuki ilimlipia ada.

"Nataka mashine nane za kizazi kipya," Profesa alisema. "Gemu mpya ya mpira haiingii kwenye za zamani, wateja wamenichosha na maswali. Sasa kuna nyeusi na kuna nyeupe. Niambie tofauti."

Zilikuwa kampuni mbili, mahasimu wa siku nyingi, na mwaka ule zilikuwa zimetoa mashine zao mwezi mmoja. Nyeusi ilikuwa nyembamba, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na picha zake unaweza kuhesabu nyasi za uwanja. Nyeupe ilikuwa nene, haina umbo, inafanana na tofali lililopakwa chokaa. Dirishani watu wote walisimama mbele ya nyeusi.

Lakini fundi alikuwa amezifungua zote mbili, akazipima wiki nzima. Nyeusi haikuwa na pa kuingiza diski. Kila gemu ilipaswa kushushwa mtandaoni, na ikishashushwa inafungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Watu wawili wakitaka kucheza kwenye kioo kimoja, kila mmoja lazima awe na akaunti yake, na pedi za zamani inazikataa. Ilikuwa mashine ya mtu anayekaa peke yake sebuleni. Nyeupe ilikula diski zote, mpya na za zamani, ilikubali pedi za zamani, na wanne wangeweza kucheza bila kuulizwa jina. Kwa ukumbi, hata kipofu angechagua nyeupe.

Kumdanganya kungekuwa rahisi. Angesema tu, chukua nyeusi, na basi. Lakini fundi alimfahamu mtu huyu kuliko alivyojifahamu mwenyewe. Miaka saba alikuwa amekaa naye kichwani. Akaamua kumwambia kweli. Ila aliisema kwa sauti ya mwongo.

"Nyeupe, mzee," alisema harakaharaka, akitabasamu hadi magego. "Nyeupe ndiyo yenyewe. Ziko nyingi stoo, unaondoka nazo sasa hivi. Nakuongezea na begi la kubebea. Leo tu."

Profesa akakunja uso. "Mbona unanisukumia? Zimewadodea?"

"Hazijadoda. Inakula diski. Pedi zako za zamani zinaingia. Nyeusi haina diski, na kila mchezaji anadaiwa akaunti. Nyeupe, mzee wangu, nakuapia, mabegi ninayo hapa hapa." Akamshika mkono, jambo alilojua Profesa halipendi.

"Binti," Profesa alisema, akiutoa mkono wake taratibu, "mimi nimefanya kazi hii wewe unanyonya. Nyeusi haziko nyingi stoo?"

"Zimebaki chache. Zinakwenda sana."

"Basi nipe nane."

Fundi alinuna kama mtu aliyepoteza mteja. Akaleta fomu, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno: mteja ameelezwa kwamba mashine haina diski, haikubali pedi za zamani, na inahitaji akaunti kwa kila mchezaji. Profesa akatia saini huku akitazama dirishani, akapakia maboksi yake, akaondoka akipiga mluzi.

Meneja wa duka, aliyekuwa akipanga betri upande wa pili, alikuwa amesikia yote.

"Mbona hukumwambia vizuri?"

"Nilimwambia. Saini hii hapa."

"Ulimwambia kama mtu anayeuza samaki wa juzi," Meneja alisema. Fundi alirudi kwenye feni yake, akaisugua kwa furaha.

Haikuchukua wiki tatu. Habari zilimfikia kupitia wateja walioleta pedi kutengenezwa. Ukumbi wa Profesa, walisema, siku hizi mtu anakaa robo saa akijaza barua pepe na neno la siri, na akisahau neno la siri hachezi. Mtandao ukikatika, televisheni nane zinaduwaa. Diski zake zote, sanduku zima, zimekuwa za kufukuzia ndege. Na karibu na kituo cha mafuta kimefunguliwa kiukumbi kidogo chenye mashine tatu nyeupe, foleni hadi barabarani. Fundi alisikiliza kila habari kama mtu anayekula karanga, moja moja, bila haraka.

Profesa alirudi siku ya Jumanne asubuhi, ametoa macho.

"Umeniuzia uchafu."

"Nilikushauri nyeupe, mzee." Fundi akamwekea fomu mbele yake, akaweka kidole kwenye saini.

Profesa alisoma. Safari hii alimtazama vizuri, tangu kichwani hadi mikononi. "Wewe ulikuwa unajua nitakataa. Kwa nini? Mimi nimekukosea nini?"

Hapo ndipo pahali fundi alipokuwa amefika mara elfu akiwa amelala chali kitandani. Akasema polepole, "Mimi ndiye Pedi Mbovu."

"Nani?"

"Pedi Mbovu. Fainali. Mpwa wako."

Profesa alikunja paji la uso, akafikiri kwa dhati, fundi aliona kwamba anafikiri kwa dhati. Kisha akatikisa kichwa. "Sikukumbuki, binti. Wamepita watu wengi pale."

Akaondoka. Fundi alibaki ameshika fomu yake. Furaha ya wiki tatu ilimtoka yote kama maji ya ndoo iliyopasuka. Aliwahi kuambiwa kwamba mtenda husahau na mtendwa hasahau, lakini hakuwahi kudhani msemo huo ulikuwa unamhusu yeye kiasi hicho. Amemuunguza mtu ambaye hajui ameungua kwa moto gani. Kisasi cha namna hiyo kina faida gani?

Siku ya pili yake akaja mke wa Profesa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akikaa kwenye meza ya ukumbini miaka yote ile. Alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Jana kaniuliza, eti unamjua mtu anaitwa Pedi Mbovu," alisema. "Nikamwambia namjua. Pedi ile niliitoa kwenye droo mimi, mwanangu. Alinikonyeza nikajua anataka ipi. Nikampa."

Fundi alihisi masikio yakimwaka moto. "Na ulikaa kimya."

"Nilikaa kimya. Nilikuwa na watoto wanne na mume wa namna ile. Sikuja kujitetea." Akavuta pumzi. "Nimesikia mashine zinaweza kubadilishwa."

Ni kweli, zingeweza. Msambazaji aliruhusu kubadilisha ndani ya siku thelathini, ikiwa fundi wa duka atazikagua na kuandika barua kwamba hazifai kwa kazi ya mteja. Siku zilikuwa zimebaki sita, na mwenye kuandika barua hiyo alikuwa mmoja.

"Nitaandika," fundi alisema. "Lakini Jumamosi, saa tisa alasiri, asimame katikati ya ukumbi wake aseme alichofanya. Kwa kinywa chake. Na yule kinyozi awepo."

"Hatakubali."

"Basi na mimi sikubali, mama."

Mke wa Profesa aliinuka. "Una roho ngumu," alisema, na haikusikika kama lawama. "Nitamleta."

Jumamosi fundi alikwenda na mama yake mzazi. Mama alivaa viatu vyake vya kanisani na miwani ya kusomea, ingawa hakuwa na cha kusoma. Ukumbini kulikuwa na watu kumi na watano hivi, wengi wao vijana waliokuja kwa sababu mke wa Profesa aliwaambia siku hiyo ni bure. Kinyozi alikuwa amesimama ukutani, amenenepa, mikono kifuani. Mama aliangaza macho, akaona kiti cha ngozi, akaenda akakikalia. Profesa alifungua mdomo, mkewe akamgusa kiwiko, akaufunga.

"Miaka saba iliyopita," Profesa alianza, akisemea sakafu, "kulikuwa na mashindano hapa. Huyu binti alikuwa anashinda. Mimi nikabadilisha pedi, nikampa iliyoharibika. Akashindwa. Basi."

"Sijasikia," mama alisema kutoka kwenye kiti. "Na huyu kinyozi naona naye hajasikia. Rudia, baba."

Akarudia. Mara ya pili sauti ilipanda, shingo ikamvimba mishipa, na fundi akaona kwamba sasa anakumbuka, au kama hakumbuki, basi siku hii ya leo hataisahau hadi kaburini. Hiyo ilimtosha kuliko kisasi kile cha kwanza. Kijana mmoja aliuliza kama wanaweza kuendelea kucheza. Kinyozi alinong'ona kitu kinachofanana na samahani, akaitupia dirishani.

"Mpwa wako yuko wapi siku hizi?" fundi aliuliza.

"Anauza bima," Profesa alisema. "Hachezi tena."

Jumatatu Profesa alizileta mashine. Mkewe alikuwa ameagiza mkokoteni, fundi akasema hapana, mzee azibebe mwenyewe, mbili mbili, kutoka ukumbini hadi dukani, kwa mguu, saa nne ya asubuhi watu wakiwa barabarani. Hilo halikuwa kwenye makubaliano. Profesa alizibeba. Safari nne, jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi, na kila alipofika fundi alilinganisha namba ya mashine na ya boksi, tarakimu kwa tarakimu, bila kuinua kichwa, huku akimwacha amesimama. Kisha akazifuta akaunti zote, akaandika barua, akaweka saini. Alifanya kazi safi. Mashine nyeupe nane zikatoka stoo alasiri ile ile.

Profesa alipoondoka, Meneja alimwita ofisini.

"Sikufukuzi," alisema, "kwa sababu sina fundi mwingine kama wewe. Lakini hutakaa tena mbele na wateja. Duka ni langu, vita ni vyako. Utakaa nyuma."

"Sawa, bosi."

"Hujutii?"

Fundi alifikiri kwa haki. Alimkumbuka mke wa Profesa alivyokaa kwenye kile kiti akisema sikuja kujitetea, na hapo palimchoma kidogo. Kwa Profesa alipatafuta mahali pa kuchoma, hakupaona.

"Angerudi kesho kuulizia televisheni," alisema, "ningemwambia kweli tena."

Meneja aliguna, akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma. Hakikuwa na dirisha, lakini kilikuwa na meza ndefu na taa nzuri. Fundi akapanga bisibisi zake kwa ukubwa, akavuta boksi la kwanza la pedi zilizosubiri matengenezo, akaanza kazi.